Mtungi wa Mafuta Si Mila Yetu

Siku hizi kila mtu ana neno la kusema kuhusu sinia la Wasomali. Kwenye simu kuna kijana aliyevaa fulana ya mazoezi, pengine wa Eastleigh, pengine wa Minneapolis. Anakuonyesha bariis iliyopangwa kama kilima, nyama ya mbuzi juu yake, mafuta yakichuruzika kandokando, kisha anakuambia: hiki ndicho kinachowaua wazazi wenu, kiacheni. Nyumbani Modogashe ukithubutu kurudia nusu ya maneno yake, unajibiwa kabla hujamaliza: hiki ni chakula cha mababu, walikula na wakafika miaka tisini, wewe na chuo chako ulichoacha katikati utatufundisha nini?

Nimechoka na pande zote mbili. Wanaonekana kama maadui lakini wamekubaliana jambo moja, na jambo lenyewe ni uongo: kwamba sinia hili, vile lilivyo leo, ni la kale. Mmoja anataka kulitupa kwa sababu ni la kale, mwingine anataka kulilinda kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna anayeuliza mafuta yale yalitoka wapi. Ukiyauliza, hoja za wote wawili zinaanguka.

Tuanze na mababu, kwa kuwa ndio wanaotajwa kila siku na hawapo kujitetea. Kaa na ayeeyo yeyote aliyehama na mifugo katika nyika ya Lagdera kabla ya miji hii kukua, umwombe akuhesabie alichokula kwa wiki. Atakuambia maziwa. Maziwa asubuhi na maziwa jioni, ya ngamia hasa, na yakilala yakawa susa, ile chachu inayouma ulimi. Mahindi yakipatikana, ugali au mahindi ya kuchemsha. Nyama ni siku mnyama amechinjwa, na mnyama hakuchinjwa ovyo kwa sababu alikuwa ndiye benki. Samli ilikuwepo, ndiyo, na ilipendwa. Lakini samli ilikuwa na masharti. Maziwa ya ngamia, ambayo ndiyo yaliyokuwa mengi, hayatoi siagi kirahisi. Samli ilitoka kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi, baada ya mwanamke kutikisa kibuyu mpaka mikono imeuma, na baada ya mvua kunyesha. Kiangazi kikiingia, mnyama anakauka na samli nayo inakwisha. Mafuta yalikuwa na mlango, na funguo alikuwa nazo Mungu.

Hata nyirinyiri, ambayo ndiyo huletwa mbele kama ushahidi kila tukibishana, inashuhudia upande wangu. Nyama imekatwa vipande vidogo sana, ikaanikwa, ikakaangwa ikakauka, ikafunikwa kwa samli ili isioze. Samli pale ilikuwa ndiyo friji. Chakula cha safari na cha kiangazi, unachota kiganja, unakula na chai, unafunga chombo. Nani aliyewahi kumaliza chombo cha nyirinyiri kwa mkao mmoja akasifiwa?

Sisemi zamani ilikuwa pepo. Watu walilala njaa, watoto walikufa kwa magonjwa ambayo leo yanatibika, na hao waliofika miaka tisini tunawajua kwa sababu ndio waliobaki kusimulia. Ninachosema ni kwamba usichukue jina la mtu aliyeishi kwa maziwa na miguu yake ukalibandika kwenye mtungi wa plastiki wa lita ishirini.

Maana mtungi huo tunajua ulikotoka. Kenya inaagiza karibu mafuta yake yote ya kupikia kutoka nje, na mengi ni ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia. Yanashuka Mombasa, yanasafishwa, yanatiwa kwenye mitungi, yanapanda lori. Takriban nusu ya mafuta ya mawese ni lile aina gumu linalopandisha kolesteroli. Kwetu yaliingia pia kwa mlango wa pili. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, mgao wa wakimbizi ulikuwa nafaka, unga, maharage na mafuta, na kama ilivyo kwa mgao wowote duniani, sehemu yake ilitembea hadi sokoni. Watu wa kaunti hii wanayajua makopo yale ya msaada vizuri. Ukosefu ulipozidi, mafuta hayo yaliwafikia hata watu ambao hawakuwahi kuishi kambini.

Halafu ukame. Kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua ilikosa msimu baada ya msimu, mitano mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni mbili ikafa katika kaunti kame za Kenya. Kila mtu alihesabu mizoga. Wachache walihesabu kilichoingia mahali pa yale maziwa. Familia iliyopoteza ngamia haikuanza kunywa maji matupu. Ilinunua kilichopo dukani: mchele mweupe, unga wa ngano, sukari, na mafuta. Mafuta hayahitaji mvua, hayaozi upesi, na yanashibisha haraka kuliko kitu kingine chochote cha bei hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba sisi tunapenda mafuta kwa sababu ni utamaduni wetu, mwulize kama ukame nao ni utamaduni. Tulikuwa tunaondoka kwenye maziwa kwa lazima. Sasa tumeiita lazima hiyo mila ili isiume.

Kuna wasomi watakaonikatiza hapa waseme kwamba wali wa samli si wa juzi. Ni kweli, na nawashukuru kwa kuleta jambo hilo, kwa sababu linanisaidia. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akakaribishwa, na akaandika alichopewa: wali uliopikwa kwa samli, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Akaandika pia, bila haya, kwamba watu wa mji ule walikuwa wanene sana na mmoja wao alikula sawa na kundi zima la wenzake. Lakini soma orodha yote. Kando ya wali kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, ndimu na pilipili za achari, tangawizi mbichi, na maembe. Pili, ile ilikuwa meza ya mgeni katika mji wa bandari uliofanya biashara na Uarabuni, Uajemi na India. Pilau, biriani, sambusa, chapati na halwa zote zilipanda majahazi hayo hayo ya pepo za kaskazi na kusi. Karne nyingi baadaye Waitaliano wakatuachia baasto. Sinalalamika, chakula kizuri ni chakula kizuri, na samosa ya Mhindi ilipofika kwetu ikawa sambusa yetu. Ila angalia tulichofanya. Kutoka kwenye meza ya mwaka 1331 tumebakiza wali na mafuta, tukaangusha mboga, tangawizi, achari na embe njiani. Halafu tunasema tumerithi.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo wajomba hunyamaza. Chukua kilo moja ya mchele na robo lita ya mafuta. Robo lita si nyingi, mpishi mwenye aibu ndogo hupitisha hapo akiwa anaongea na simu. Robo lita ya mafuta ina uzito wa gramu 230 hivi. Gawanya kwa walaji sita: kila mmoja amekula gramu 38, karibu vijiko vitatu vya mezani vya mafuta, kabla hujagusa nyama, kabla ya sambusa, na kabla ya anjero ya asubuhi iliyopakwa mafuta ikamwagiwa na sukari. Ukimimina nusu lita, nishati iliyo ndani ya mafuta inapita ile ya mchele wote. Yaani hapo hatupiki tena wali wenye mafuta. Tunapika mafuta yenye wali.

Chai nayo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isifike sehemu moja kwa kumi ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na ingefaa zaidi ikiwa nusu ya hapo. Kikombe cha chai ya maziwa chenye vijiko vitatu vya sukari ni gramu 12. Vikombe vinne, gramu 48. Nani kwetu anakunywa vinne tu? Ukiongeza soda ya wakati wa miraa, umeshapita mpaka muda mrefu na bado jua halijatua.

Na si sisi peke yetu, kabla hujaanza kututukana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana shinikizo la damu, na watu 94 kati ya 100 hawali matunda na mboga za kutosha. Mwenye chipsi mwitu na mwenye bariis wako foleni moja.

Foleni yenyewe ndiyo iliyonifanya niandike. Hooyo ana sukari. Alipopimwa, kliniki moja ilimpa karatasi ya chakula. Nimeisoma mara nyingi sana. Inasema asubuhi ale uji wa shayiri na tufaha, mchana mkate wa ngano nzima na saladi, usiku samaki wa kuchoma na brokoli. Iko kwa Kiingereza. Hooyo hasomi Kiingereza, na hata angekisoma, tafuta brokoli Modogashe kisha uniite. Hakuna mahali kwenye karatasi ile palipoandikwa bariis, anjero, hilib, susa wala chai. Vitu ambavyo anavila kila siku havikutajwa hata vikatazwe. Aliikunja akaiweka chini ya godoro pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Hakuwa mkaidi. Karatasi haikuwa inaongea naye.

Vijana wa simu nao hawako mbali na karatasi ile. Ushauri wao mkubwa ni: jipikie mwenyewe. Walaalo, jipikie wapi? Nyumba ina jiko moja na gunia moja la makaa. Chakula kinatoka kwenye sufuria moja kwenda kwenye sinia moja, na watu wanalizunguka kwa mkono. Sinia halina mpaka unaosema huu ni upande wako usio na mafuta. Ukijitenga na bakuli lako la mboga, hujaanza lishe. Umetangaza kwamba umehama. Wataanza kukuuliza kama unaumwa, kama umegombana na mtu, kama huko Nairobi ulifundishwa kuwadharau. Msichana akikataa nyongeza anaambiwa amekuwa fimbo na nani atamwoa. Kwa hiyo kwetu hakuna kitu kinachoitwa mtu mmoja kula vizuri. Sufuria ibadilike kwa wote au isibadilike kwa yeyote.

Basi nani mwenye sufuria? Hapa ndipo mazungumzo haya hupotoshwa, kwa sababu kidole kinamwendea mama. Mama anapika, kweli. Lakini fuata mtungi. Kwa nyumba nyingi anayenunua ni mwanamume, na anayesifu au kununa ni mwanamume. Kwetu wali lazima ung'ae. Wali usiong'aa ni wali wa bahili, au wa mwanamke asiyejua kupika, au wa nyumba iliyoishiwa. Mgeni akiinua tonge na vidole visimeremete, habari itafika Habaswein kabla ya magharibi. Nimemwona habaryar, mdogo wake mama, akiwa ameshapima mafuta yake vizuri, kisha akasikia sauti za wageni uani, akarudi kwenye mtungi akaongeza mikupuo miwili. Hakuongeza kwa ajili ya ladha. Aliongeza kwa ajili ya maneno. Kung'aa kule ni heshima ya mwenye nyumba, na gharama yake inalipwa na mishipa ya mwanamke ambaye hula mwisho, akikomba chini ya sufuria ambako mafuta yametuama.

Wazee wetu, ninyi ndio mnaoweza kulimaliza jambo hili kwa wiki moja. Siku mzee anayeheshimika atakaposema mbele ya wageni kwamba leo wali umepikwa vizuri haukuzamishwa, wapishi wote wa mtaa watapumua. Nasaha mia za kliniki hazifikii sentensi hiyo.

Najua jibu linalofuata: mboga hazifiki, barabara mbaya, jua kali, sukuma inanyauka. Hebu tuambiane ukweli. Miraa inakatwa Meru, inafungwa kwa majani ya mgomba, na inafika Modogashe ikiwa mbichi, siku saba kwa wiki, masika na kiangazi, lami iwepo isiwepo. Gari la miraa likichelewa saa mbili kuna watu wazima wanasimama barabarani kama wanaomngoja mgonjwa. Tumekaa kwenye njia panda, barabara ya kutoka Garissa ikikutana na ile ya Isiolo kwenda Wajir. Kando ya mto Tana kule Garissa kuna mashamba ya maembe, ndizi, papai na matikiti. Sukuma haikosi njia, inakosa mnunuzi. Mfanyabiashara analeta kile tunachokipigania, na hatujawahi kupigania sukuma.

Jibu jingine ni zito zaidi na nalipa haki yake: kwamba kuhubiri dhidi ya mafuta mahali penye njaa ni ufedhuli wa walioshiba. Ndiyo. Kwa mtoto aliyekonda, mafuta ni dawa. Ile pakiti ya Plumpy'Nut inayotolewa zahanati ni karanga, maziwa, sukari na mafuta, na imeokoa watoto wa hapa tunaowajua kwa majina. Sitaki mtu achukue makala hii akamnyime mtoto samli. Lakini nyumba ile ile yenye mtoto wa pakiti ina nyanya mwenye presha na mama mwenye sukari, na wote wanachota sinia moja. Umaskini wa siku hizi haukondeshi tu. Unanenepesha pia, kwa sababu kinachoshibisha kwa bei rahisi ni mafuta, sukari na unga mweupe. Kuwaambia maskini kwamba huo ndio utamaduni wao ni njia rahisi ya kutowadai wakubwa kitu.

Mimi nadai. Naidai kaunti karatasi ya lishe iliyoandikwa Kisomali, na kwa sauti pia kwa wasiosoma, inayoanza na bariis na kumalizika na chai, iseme kijiko ngapi na kiganja ngapi. Waandike kwamba nyama ya ngamia na ya mbuzi haina mafuta mengi yenyewe, sisi ndio tunaoyaongeza. Kwamba mchuzi wa kuchemsha, ule maraq tunaowapa wagonjwa, ni chakula cha wazima pia. Kwamba kunde tunazopika usiku hazikudai kuzamishwa kwenye mafuta na sukari ndipo ziwe cambuulo. Wasihitaji tufaha. Ndizi tayari inakaa juu ya wali wetu, ndimu na pilipili ya basbaas ziko pembeni, tikiti liko sokoni. Ile meza ya Ibn Battuta bado inaweza kupangwa hapa kwetu na isimgharimu mtu mbuzi wa ziada. Na mradi wowote unaokuja kutusaidia baada ya ukame uhesabu maziwa yaliyorudi nyumbani, maana ng'ombe akirudi bila maziwa kufika kwenye kikombe cha mtoto, tutaendelea kumimina mtungi.

Kwa vijana wenzangu ambao hawangoji kaunti, nina ombi dogo. Mkirudi nyumbani msije na hotuba, wala msije na mbegu za chia. Ingieni jikoni mkae na anayepika, mkate vitunguu, mchochee makaa, na mtafute kijiko kikubwa kimoja mkifunge kwa kamba kwenye shingo ya mtungi. Mafuta yapimwe, basi. Vijiko sita kwa kilo, mwezi ujao vitano. Chai ipikwe bila sukari, kila mtu ajitilie na ajione akijitilia. Harusi iacheni kama ilivyo, Idd iacheni. Hakuna aliyewahi kuuawa na siku mbili za mwaka. Zilizobaki ndizo zinazotuua.

Mzee akiuliza kijiko hicho cha nini, mwambieni ayeeyo alipima samli kwa kijiko, tena kidogo kuliko hiki. Kama atabisha, mwacheni amwulize mwenyewe, kabla hatujabaki na mtungi peke yake wa kutusimulia.